Kompyuta Iliyomtaka Mume Wangu

Mume wangu alikufa Jumamosi asubuhi, wakati wa vita, kwenye barabara ya kupanda milimani, basi dogo alilopanda liliposhambuliwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Kibenga. Mimi nilikuwa karani kwa wakala wa forodha bandarini. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka minne. Nayaeleza hivi kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiyaeleza wakati ule, kama mtu anayejaza fomu.

Majirani zetu wa Gasenyi walikaa nami kwenye mikeka siku zote za matanga. Walinisubiri nilie, kisha wakachoka kunisubiri, wakaanza kuzungumza habari za bei ya maharage. Nilishukuru.

Wiki ya tatu bosi aliniita. Mabomu yalikuwa yameanguka karibu na bandari, kwa hiyo ofisi ingefungwa kwa muda na kila karani angefanyia kazi nyumbani. Alinipa printa moja niichukue. Nyumbani tulikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, ambayo binamu wa mume wangu alikuwa amemtumia kutoka Ubelgiji.

Nilichomeka waya. Kompyuta ikaandika, kwa Kifaransa, kwamba sina ruhusa ya kuweka printa, nimwone msimamizi.

Msimamizi alikuwa mume wangu. Siku ile alipoileta aliitengenezea milango miwili ya kuingilia: wake, wenye madaraka yote, na wangu, wa kuandikia barua tu. "Usije ukafuta kitu," aliniambia, na mimi sikuudhika. Basi nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikafunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili baada ya misa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kunisaidia kutafuta neno la siri. Alikuwa ameandika orodha kwenye karatasi.

"Baba anauliza kama mule ndani kuna karatasi za shamba," alisema kabla hajakaa.

"Sijui, shemeji."

"Ukifungua utatuambia?"

"Nitawaambia."

Tulijaribu jina la kilima alikozaliwa. Tulijaribu jina la mama yao, timu yake ya mpira, tarehe ya ubatizo wa binti yetu. Jina langu tuliliacha mwisho, nalo likakataliwa. Shemeji akatazama pembeni akidhani nimeumia. Sikuwa nimeumia. Nilikuwa nikihesabu yaliyobaki kwenye orodha.

Yalipokwisha, alinielekeza kwa fundi mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mzee Mwislamu aliyetengeneza redio miaka mingi kabla ya kuhamia kompyuta. Nilimkuta kibarazani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Hii mashini ni ya nani, mama?"

"Ya mume wangu."

"Yeye iko wapi?"

"Amekufa."

Akaweka bisibisi chini. "Inna lillahi," alisema taratibu. Kisha akauliza, "Una karatasi? Usikasirike. Siku hizi watu wanaiba mashini, wanaleta hapa, kila mutu anasema ni ya ndugu yake."

Nilimpa cheti cha ndoa na cheti cha kifo. Alivisoma vyote viwili mpaka mwisho, akavikunja vizuri kuliko nilivyovikunja mimi.

"Sikiliza, mama. Kama bwana yako alifungia mafaili yake na ile neno, tukiitoa anaweza kupotea yote. Unakubali?"

"Nakubali."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri," nilisema. Sikuwa nimefikiri chochote.

Aliizima kompyuta, akaiwasha, akawa anagonga kitufe kimoja mfululizo mpaka kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe. Alichagua hali aliyoiita ya wagonjwa, ile ya kuponyea mashine. Kompyuta ilipoamka, ulionekana mlango wa tatu ambao sikuwahi kuuona: msimamizi mkuu. Fundi hakuandika neno lolote, alibonyeza tu, ukafunguka.

"Huu unakuja na mashini yenyewe," alisema. "Bwana yako alifunga mulango yake, huu hakuujua. Wengi hawaujui."

Kutokea humo aliliondoa neno la mume wangu, akaupa mlango wangu madaraka yote. Kisha akanigeuzia kompyuta. "Andika neno yako, na huu wa nyuma uufunge pia. Mi siangalii." Akageuka kabisa, akatazama barabarani mpaka nikamaliza.

Mafaili hayakupotea. Karatasi za shamba hazikuwamo. Nilimwambia shemeji, naye akamwambia baba yake, ambaye aliniuliza tena mara mbili, kisha akaacha.

Kilichokuwamo ni alama za wanafunzi, maelezo ya masomo, na mtihani wa hesabu alioukusudia kwa wiki iliyofuata kifo chake. Maswali yalikuwa saba. La nane lilikuwa nusu: mfanyabiashara ana magunia ya sukari kwenye meli mbili, moja imetoka Kigoma, basi. Halikuendelea.

Niliweka printa, ikakubali. Karatasi ya kwanza iliyotoka ilikuwa mtihani ule. Kesho yake niliupeleka shuleni. Mkuu wa shule aliusoma akiwa amesimama.

"Mama, hili la mwisho tulitoe?"

"Liacheni."

Waliufanya Alhamisi, na mkuu akaniomba nikae nyuma ya darasa. Katikati ya mtihani msichana mmoja aliinua mkono. Mwalimu aliyesimamia alipomwendea, yeye alinigeukia mimi.

"Mama, swali la nane halijaisha. Alitaka kuuliza nini?"

"Sijui, mwanangu."

Niliyatazama madaftari kabatini mpaka kengele ikalia. Nilitaka kuhisi kitu, nikahisi njaa.

Baadaye mkuu alinitumia ujumbe kwamba wengi wamefaulu, na kwamba swali la nane kila mwanafunzi amepewa alama zote, hata walioliacha tupu. Msichana yule, alisema, alilimalizia mwenyewe: aliandika swali lake, kisha akalijibu, na jibu lilikuwa sahihi.

Jioni ile niliandika matamko matatu ya forodha, ya shehena za saruji. Ofisi ilifunguliwa baada ya wiki tano, nikarudisha printa.