Na Isiyo Yetu

Dada yangu alifanya kazi miaka thelathini na moja katika masjala ya hospitali, chumba kile cha mafaili ya wagonjwa. Siku aliyostaafu nilijua kwamba makabati yangu yameisha. Watu walimwita Mama Faili mbele ya macho yake na hakukasirika. Kilichomkasirisha ni kitu kuwekwa mahali pasipo pake. Tunaishi nyumba moja, yeye vyumba vya mbele, mimi cha nyuma na cherehani yangu, na tangu astaafu sijaukuta mkasi wangu pale nilipouacha.

Mwaka ule binti yake alipiga simu. Yuko ugenini, ameolewa na fundi wa kuchimba visima, mtu mpole lakini hakai nyumbani wiki mbili mfululizo. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga huku kwetu, miezi sita, tena bweni, na watoto hawaruhusiwi. Kwa hiyo mtoto wake wa miaka minne ingebidi aachwe na mtu.

"Kwangu," dada akasema, hata mwenzake hajamaliza.

Binti akapinga. "Mama, mtoto anajua Kireno tu. Akiumwa atakuambiaje anaumwa wapi? Mama mkwe wangu angalau anamwelewa."

Hilo la mama mkwe lilimkaa rohoni. Mjukuu mwenyewe alikuwa hajamwona ila kwenye picha, na sasa anaambiwa kwamba mwanamke mwingine ndiye anayemfaa. Hakulia, maana dada yangu hakuwa mtu wa kulia. Alimwambia binti yake waje kwanza wakae wiki mbili, aone mwenyewe, ndipo aamue. Binti akakubali. Walikuwa waje baada ya miezi minne.

Kesho yake asubuhi dada alinunua daftari, akaenda kwa Fundi Saa pale kona. Mzee yule alitengeneza saa miaka ishirini kwenye nchi ya Wareno na Kireno chake kilikuwa kizuri kuliko tabia yake. Nilimsindikiza siku za mwanzo, kwa umbea tu, sina haja ya kuficha.

Majina ya vitu aliyameza upesi. Meza, kiti, kabati, kikombe, yote yaliingia daftarini na yakatulia. Kazi ilianza kwenye vile vijineno vya kusema kitu kiko wapi.

"Em maana yake ni katika," Fundi Saa alisema, kioo chake cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. "Ikikutana na a, kijineno kinachotangulia majina ya kike kama mesa, hazikai mbalimbali. Zinaungana, zinakuwa na. Na mesa, mezani. Ikikutana na o, ya majina ya kiume, inakuwa no, ila unatamka nu. No armário, kabatini."

"Na ni na," dada akasema. "Kikombe na meza. Vitu viwili."

"Kwao ni kikombe kilicho mezani. Kimoja kimekaa juu ya kingine."

"Si waseme em a, yaishe? Haraka ya nini?"

Fundi Saa akakitoa kioo. "Mumeo alikuwa anafanya kazi gani?"

"Marehemu mume wangu alikuwa dereva. Na yeye anahusikaje hapa?"

"Nimesema mumeo. Sikusema mume wako. Ulinielewa, hukunielewa?"

Dada akainamia daftari akaandika bila ubishi, jambo ambalo sikuwa nimelishuhudia tangu utoto.

"Wewe unaunga mume na wako, wao wanaunga em na a," mzee akasema. "De, yaani ile ya ya kumiliki, na a ni da. De na o ni do. A ya kwendea mahali na o ni ao. Tuendelee, nina saa za watu hapa."

Hiyo ao nayo ikaleta lake, kwa sababu inasikika kama au. Fundi Saa akisema *vamos ao mercado*, twende sokoni, dada anauliza, "Au wapi?" Mzee alishika kichwa.

Nyumbani alibandika karatasi kila mahali. Kwenye kabati, *a roupa no armário*, nguo kabatini. Kwenye kiti cha mbele, *na cadeira*. Hata cherehani yangu haikupona, akaipachika *o pano na máquina*, kitambaa kwenye mashine, na mteja mmoja akaniuliza kama hiyo ndiyo bei mpya. Akisoma, dada hakukosea hata moja. Tatizo lilikuwa sikio. Ukimtamkia *o copo na mesa* ghafla, anakuletea kikombe kisha anasimama anasubiri kujua meza unaitaka ya nini.

Wakaja. Mjukuu alikuwa kadogo, kana macho makubwa, tukampa jina la Nukta siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza yote alikaa nyuma ya sketi ya mama yake. Dada alikuwa ameandaa sentensi zake, anakohoa kwanza, anasema, "*A boneca está na cadeira*," mdoli yuko kitini. Nukta anamtazama kama anayetazama redio. Binti anaona, anakunja nguo. Mimi nilijua anachokikunja ni safari ya kumrudisha mtoto kwa yule bibi mwingine, na nilimwonea dada yangu huruma mpaka nikaacha kumtania.

Siku ya tisa binti akalazimika kwenda chuoni kuandikishwa. Angekuwa huko mpaka saa nane mchana. Mlangoni akageuka. "Mama, nikirudi tutaongea."

Dada akarudi ndani na daftari lake kifuani.

Mpaka saa tano mambo yalikwenda salama. Nukta alicheza sakafuni chumbani kwangu, karibu na kopo langu la vifungo na shanga. Nilikuwa natia shanga kwenye gauni la bi harusi na nilifurahi kuwa na mwenzangu. Nilimpa kisogo kidogo tu, nimalizie mkono mmoja. Niliposikia analia, alikuwa ameshakimbilia kwa dada, anatikisa kichwa.

"*Bolinha na orelha*," akasema. "*Bolinha na orelha!*"

Dada akang'aa. Mtoto anaongea naye! "Bola ni mpira," akaniambia. "Bolinha ni kijipira. Anataka kijipira na... na orelha."

"Orelha ndiyo nini?"

Akapekua daftari. Haikuwemo. Alikuwa amejifunza samani za nyumba nzima, mwili wa binadamu akauweka kiporo. Tukampa mpira. Nukta akautupa na kutikisa kichwa kwa nguvu zaidi. Tukajua amekataa. Tukampa mpira na mdoli, akakataa. Mpira na kijiko. Mpira na kofia. "Labda orelha ni biskuti," nikasema mimi, msomi, nikamletea. Mtoto akalia mpaka akakauka sauti. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Bora nimpigie mama yake," akasema taratibu. Nilijua maana yake. Akipiga simu ile kuuliza mwanao anasema nini, mambo yote yamekwisha, atakuwa amejihukumu mwenyewe. Alichukua simu. Alikuwa amesimama mbele ya kabati, na ile karatasi yake iko usawa wa uso. Nikaona midomo yake inasoma: no, kabatini; na, mezani.

Akaiweka simu chini.

"Mdogo wangu, hii si na yetu."

"Ipi?"

"Hataki vitu viwili. Hiyo na ni ya kwao! Kijipira kiko ndani ya kitu." Akapiga magoti, akamshika Nukta mabega. Kile kichwa kilikuwa hakikatai chochote. Kilikuwa kinajaribu kukung'uta kitu. Mimi nikakumbuka kopo langu, nikageuka, nikaliona liko wazi, shanga zimemwagika.

"Sikioni," nikasema. "Dada, shanga iko sikioni."

Nilikuwa nimeshachomoa pini kwenye gauni. Dada akanipiga kofi mkononi, pini ikaruka huko. Akamfunga Nukta kwa khanga mgongoni, tukatoka mbio hadi kliniki ya mtaa wa pili, mimi nikiwa na kiatu kimoja na ndara moja. Mlangoni tulikuwa tumebandika karatasi yenye ujumbe kwa binti.

Daktari alikuwa kijana mtulivu, lakini Nukta hakutaka amguse. "Sikio lipi?" akauliza. Dada akainama akagusa la kulia kwa kidole.

"*Nesta?*" Em na esta. Katika hili.

Nukta akanyamaza kulia. Akamtazama usoni, safari hii kama anayetazama mtu. "*Nesta*," akasema.

Maji ya uvuguvugu, kibomba kidogo, mara mbili, mara tatu, na shanga nyekundu ikadondoka kwenye bakuli. Daktari akasema tungejaribu kwa pini tungeisukuma mpaka ndani kabisa. Nilikaa kwenye benchi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama shanga ile ndani ya bakuli lile.

Binti alikuwa amewahi kutoka chuoni; alifika anahema, karatasi yetu mkononi. Alimkagua mtoto kichwa mpaka miguu, akamuuliza kwa Kireno, wakaongea. Dada alisimama wima kama aliyeitwa mbele ya mkubwa wa kazi.

"Imeingia nikiwa nipo nyumbani," akasema. "Sina la kujitetea. Ukimpeleka kwa mama mkwe wako nitaelewa."

"Ulijuaje iko sikioni?"

"Alisema. Bolinha na orelha. Ila nilichelewa, mwanangu, kwanza nilimletea kofia."

Binti akaanza kucheka, kisha akaacha. "Mwaka jana aliniambia siku mbili kwamba kuna kijiwe kwenye kiatu chake. Mimi ninayejua Kireno. Nikamwambia avae twende, tunachelewa. Siku ya pili jioni nikakuta kisigino kimechubuka." Akapangusa macho kwa ile karatasi. "Jumatatu naenda chuoni, Mama. Nukta nakuachia wewe."

Dada yangu akakaa kwenye benchi karibu nami. Alilia, alilia sana, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na wala hakujificha. Ilibidi daktari atoke atuachie chumba. Alipopata pumzi alimvuta mjukuu wake katikati ya magoti, akakohoa kwanza.

"*Tu ficas na minha casa*," akamwambia. Utakaa nyumbani kwangu.

"*Eu sei*," Nukta akasema, yaani najua, kisha akanyoosha mkono kwenye bakuli kudai shanga yake.