Kikombe cha Unga Mwepesi

Nimeuza maharagwe soko la Gakoromone tangu nikiwa na meno yote, na siri ya mkebe wa kupimia naijua. Ukimimina polepole kutoka juu, punje hukaa ovyo na mkebe hujaa upesi. Mteja mjanja huugonga mara tatu, maharagwe yakashuka, akadai nyongeza. Kwa yule asiyegonga, nilinyamaza.

Mjukuu wangu ana miaka minane na ana ugonjwa wa sukari. Mamake anafanya kazi Embu, kwa hiyo sindano yake ya asubuhi namdunga mimi, na tangu siku ya kwanza naiogopa kuliko nyoka. Nesi alinieleza vizuri. Dawa hii inakwenda na uji wa unga gramu hamsini. Chakula kikipungua, sukari itashuka na mtoto atazimia. Akanipa mizani ndogo ya jikoni. Nikapima unga wa wimbi uliokuwa umeshindiliwa ndani ya debe, na gramu hamsini zikajaza kikombe kidogo cha plastiki hadi ukingoni. Basi mizani nikaiweka kabatini. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajisemea. Mimi nifundishwe kupima?

Debe likaisha. Nikapeleka wimbi mpya kusagwa, unga ukarudi ungali moto, nikauchekecha. Kesho yake nikajaza kikombe, nikapika, nikamdunga, naye akanywa akamaliza.

Saa nne alikuwa mlangoni anachora. Penseli ikaanguka.

"Shosho, sioni poa," akasema.

Jasho lilimtiririka na kulikuwa na baridi. Midomo ilikuwa inatetemeka. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Nikasahau hata sukari huwa naiweka wapi, na nilipoipata nikamwaga nusu sakafuni. Iliyobaki nikaikoroga kwa maji, nikamnywesha kidogo kidogo, huku namwomba Mungu anichukue mimi niliyezeeka.

"Meza, mwanangu. Meza tu."

Akameza. Sijui ulipita muda gani kabla hajaniita tena. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Alipotulia niliitoa mizani, nikakijaza kikombe unga uleule. Kikombe kilekile, kimejaa vilevile: gramu thelathini na tano. Nikakigonga mezani mara tatu. Unga ukashuka, ukaacha pengo la upana wa kidole. Nilikaa sakafuni, juu ya ile sukari, nikalia kwa aibu na woga. Hila ilikuwa yangu mwenyewe ya sokoni, na safari hii asiyegonga nilikuwa mimi.

Siku hizi napima kila asubuhi. Naye mjukuu wangu, kabla ya kufunua tumbo adungwe, huja kusimama kando yangu. Nikimwambia ni hamsini, husogea karibu na mizani. Husubiri asome namba mwenyewe.