Mgeni Anayesubiri Kuulizwa

Kiingereza nilikisomea Kampala, nikiuza mandazi asubuhi na kuingia darasani jioni. Diploma yangu haikununuliwa na baba wala mjomba. Leo wafanyabiashara wa Butembo wanaokwenda Dubai na China kununua bidhaa hupita kwanza kwangu, katika nyumba ya vyumba sita yenye vigae mpaka barazani, niliyoijenga mwenyewe. Sioni haya kulisema hilo. Haya ninayo kwa jambo jingine.

Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa nafundisha neno "ask". Nalipenda. Niliwaeleza wanafunzi kwamba ni neno la kale, kwamba mababu wa Waingereza walilitumia wakitafuta kitu, wakikitaka, hata wakikidai, na kwamba mpaka leo Mwingereza hulitumia akiuliza njia na pia akiomba msaada. Hazunguki. Mwenye kutaka hufungua mdomo.

"Donc ni kwa hiyo," akasema mama mmoja muuza vitenge, "banaomba mali yetu yote sawa vile beko nauliza tu njia."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, na analima upande wa Vuhovi. Aliingia katikati ya somo, amebeba kuku, mfuko wa maharage na furushi lililofungwa kwa kitenge. Mkono wa sufuria ulichungulia.

Kwetu milimani mwenye shida hasemi shida yake. Huleta kitu, huketi, husifu mvua. Akishakula, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kusema: safari yako inasema nini? Asipouliza, mgeni hunyanyuka na kwenda. Kila mtoto aliyekulia kule analijua hilo, na mimi nalijua kuliko Kiingereza.

Wanafunzi walipoondoka, mke wangu akaleta fufu na sombe.

"Mvua iko mingi," mama mdogo akasema. "Kule kwetu batu balianza kulala mu kanisa."

"Mungu atasaidia, mama mudogo."

"Atasaidia. Hii chumba ya nyuma, unaitumikisha na nini?"

"Ni bureau yangu. Vitabu."

"Iko muzuri."

Nilikuwa nimemaliza kukipaka rangi. Nikamwangalia akinawa mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja, na swali likanijia mpaka kwenye meno. Nikaanza kumweleza juu ya Waingereza na neno lao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma kabisa, mwana wangu," akasema, akanyanyua furushi lake.

Nikamwitia pikipiki. Nilikuwa bado kwenye geti nilipomsikia akimwambia dereva: "Unifikishe kwenye magari ya Beni." Vuhovi si njia ya Beni. Nikafunga geti.

Maharage yale tuliyala. Kuku pia.

Baadaye habari zikanifikia kwamba anaishi Bungulu, mtaa wa Beni, uani kwa msafirishaji mmoja Mwislamu ambaye gari lake ndilo lililompeleka Beni. Nikaenda. Nilimkuta akichambua mboga na mke wa huyo msafirishaji.

"Mama mudogo," nikasema kabla hata ya kuketi, "uko na shida gani? Niambie."

"Sasa hapana tena." Akanisogezea kiti. "Siku ile wenye bunduki walifunga njia ya kwetu. Nilifika hapa jioni, huyu mama akaniuliza nitalala wapi. Basi."

"Chumba kiko. Twende nyumbani."

"Na vitabu?"

Mama mwenye nyumba akaingilia kati, akinipa pole kwa uso wa huruma halisi.

"Professeur, usijisumbue. Mama alituelezea yote. Anasema uko na kachumba kamoja tu, na batoto ya masomo banalala ndani, mpaka weye mwenyewe unalala ku benchi. Anasema ulilia wakati alienda."

Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa ameinamia mboga zake, akitupa majani yaliyoungua na jua, hakuinua kichwa.

"Ni kweli?" mama mwenye nyumba akauliza. "Kamoja tu?"

"Kamoja tu," nikasema.