Picha ya Baba, Kubwa Kama Mlango

Mimi hubishana na kila kitu, na safari hii nilibishana na kompyuta.

Dada yangu alikuwa anaolewa, na mama alitaka marehemu baba awepo ukumbini, mkubwa kama mlango. Picha yake pekee ilikuwa ile ya kitambulisho. Niliiingiza kwenye kompyuta ya ofisini na uso ukajaa skrini nzima. Kompyuta ikaniuliza niihifadhi kwa saizi gani. Saizi kubwa haikutosha kwenye diski, nikajiambia huo ni ujanja wa wauza diski tu. Picha iliyojaa skrini itashindwaje kujaa karatasi? Nikachagua ndogo, nikaipeleka ikachapishwe kwa ukubwa wa mlango.

Asubuhi ya harusi nikaichukua ikiwa imeviringishwa. Niliikunjua ukutani mbele ya wageni, na badala ya baba nikaona miraba ya kahawia.

"Wee msomi," shangazi akaniambia, "huyu ni ndugu yangu ama ni sakafu ya bafu?"

Watu walicheka. Mama aliinamisha kichwa.

Ndipo bibi harusi akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama ghafla. "Baba!"

Mama alimkimbilia, akageuka, akajishika mdomo. Niliwafuata bila kuamini. Kutoka pale mlangoni, mbali na ukuta, miraba yote ilikuwa imeungana: macho, masharubu, hata ule mkunjo wa paji la uso. Baba alikuwa anatutazama.

Mama akanisukuma. "Haya, profesa. Shika maiki uwaambie wageni wote wabebe viti waje huku nyuma. Na uwaambie ni kwa nini."