Marjeta, Figa na Basi la Kotor

Marjeta Kobal aliendesha mabasi ya jiji la Ljubljana miaka ishirini na minane, na siku aliyostaafu wenzake walimzawadia saa ya ukutani. Saa akampa jirani. Kabla mwezi haujaisha alinunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko la sahani mbili na choo kidogo kama kabati. Akamchukua Figa, mbwa jike mwenye sikio lililokatika, kutoka kituo cha mbwa wasio na wenyewe.

Mwanawe Gorazd alimpigia simu. "Mama, watu wa umri wako wanapalilia bustani."

"Palilia wewe. Sisi tunakwenda Ugiriki."

Mwezi Mei waliamkia Montenegro, juu ya milima ya Kotor. Marjeta alikuwa akichemsha kahawa nje pale Figa alipotia pua kwenye rundo la mawe, akalia mara moja tu. Nyoka mwenye kipembe puani akateleza akaenda zake. Marjeta hakupiga kelele. Alizima jiko, akamviringisha mbwa kwenye blanketi, akampigia daktari wa mifugo aliyekuwa kule chini mjini.

"Dawa ninayo," alisema daktari. "Ila usichelewe, na asitembee hata hatua moja."

Njia ya kushuka ni nyembamba, kona juu ya kona. Uso wa Figa ulikuwa umeshaumuka kama mkate Marjeta alipokanyaga breki. Basi la watalii lililokuwa likipanda lilikuwa limejaza kona nzima. Nyuma yake Marjeta magari manane yalikuwa yamekwisha kupanga foleni. Basi ndilo lililopaswa kurudi nyuma, mita mia hivi, hadi pale barabara inapopanuka. Lakini dereva wake, kijana aitwaye Blažo, alikuwa ameshuka na kusimama ukingoni akiliangalia bonde, jasho likimtiririka.

"Rudi nyuma, mwanangu. Nina mgonjwa."

"Siwezi, shangazi. Njia hii ndiyo kwanza naipita leo. Nimepiga simu ofisini, wanamleta mwenzangu."

"Atafika saa ngapi?"

"Baada ya saa moja, labda."

"Baada ya saa moja nitakuwa nachimba kaburi. Lete ufunguo."

Blažo alicheka kwa woga. "Shangazi, hili si gari la kuchemshia kahawa. Ni mita kumi na mbili hizi!"

"Langu la kazini lilikuwa mita kumi na nane, tena lilikuwa na kiungo katikati. Shusha abiria. Wewe simama nyuma upande wa bonde, nikuone kiooni. Nisipokuona, nasimama. Umenisikia?"

Akasikia.

Abiria walishuka wakinung'unika kwamba bibi huyu ataitupa mizigo yao bondeni. Marjeta alikaa, akasogeza kiti, akarekebisha vioo kimoja kimoja bila papara, kama alivyofanya kila alfajiri kazini. Alianza kurudi nyuma taratibu. Gurudumu lilipita shibiri mbili tu kutoka ukingoni. Alisimama mara mbili, akanyoosha, akaendelea, mpaka basi zima likakaa pembeni.

"Sasa utapanda nalo mwenyewe," alimwambia Blažo akimrudishia ufunguo. "Angalia gurudumu lako la nyuma. Bonde halina haja ya kuangaliwa."

"Shangazi, siku ukirudi kazini, mimi kondakta wako!"

Marjeta alikuwa ameshawasha gari lake.

Daktari alimdunga Figa dawa, akamlaza siku tatu. Siku ya tatu uvimbe ulishuka, na mbwa akaiba soseji kwenye sahani ya daktari. Hapo ndipo Marjeta alipolia, akalia kweli kweli, huku daktari akimfariji kwamba soseji yenyewe ilikuwa ya jana.

Walipita Albania, na katikati ya Juni wakafika Ugiriki. Figa aliyaogopa mawimbi, akabaki kivulini kulinda viatu, na Marjeta akaogelea peke yake hadi njaa ilipomrudisha nchi kavu.