Nyota Yenye Mkia na Koti la Baba

Ninavyojua mimi, mama alimdanganya baba mara moja tu katika ndoa yao, na ilikuwa ni kuhusu nyota.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, miaka ya tisini, mvua ndefu zikianza. Baba alikuwa mgonjwa wa kubebwa, amebaki mifupa na macho. Jioni alitaka tumtoe nje tumkalishe kwenye kiti chake mbele ya nyumba, maana boma letu liko juu kidogo, nje ya Homa Bay, na ziwa unaliona lote. Giza lilipoanza kuingia alinyoosha kidole upande wa ziwa, kwenye ile nyota yenye mkia ambayo redio haikuchoka kuitangaza. Akamuuliza mama, "Unaiona?"

Macho ya mama yalikuwa na ukungu tangu zamani. Ng'ombe akiwa ng'ambo ya shamba, mama hakujua kama ni wetu au ni wa jirani. Akasema, "Naiona." Baba akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi, akasema basi, sasa tumeiona wote wawili. Mwezi haukuisha, tukamzika hapo hapo, kando ya nyumba yake.

Tangu siku hiyo mama alikosa amani. Tukichambua mboga aliniambia kwamba amemzika mume wake na uongo, na kwamba anataka kuiona ile nyota kabla haijaenda zake, ili neno lake liwe kweli. Mimi hucheka karibu kila kitu, hata matangani nimewahi kufukuzwa kwa kucheka. Hilo sikulicheka.

Baada ya matanga nilirudi Suna, mjini Migori, nilikokuwa nauza mitumba. Huko, kwenye redio ya mwenye duka jirani yangu, nilisikia kwamba watu wa chuo kikuu waliokuwa wameweka darubini katika bustani moja ya Nairobi, watu wa jiji wakapanga foleni na watoto mabegani, sasa wanazunguka nayo mikoani. Wangekuwa Homa Bay jioni moja tu, uwanjani karibu na ziwa, kisha waende Kisumu. Mwenye duka aliniona nikifunga marobota mchana kweupe akaniuliza nani amekufa tena. Nikamwambia safari hii hakuna aliyekufa, naenda kumwonyesha mama nyota.

Mama alikuja uwanjani amevaa koti la baba. Kwetu mjane aliye katika msiba huvaa nguo ya marehemu, na mpaka afanyiwe desturi zote hampi mtu mkono wala haingii boma la watu, asije akawapelekea mkosi wa kifo. Kwa hiyo koti lile lilijulikana kabla yeye hajajulikana. Watu walimsalimia kwa heshima, kwa mbali.

Tulifika mapema. Darubini ilikuwa imesimama juu ya miguu mitatu, na binti mmoja wa chuo kikuu, mpole sana, alikuwa akiwapanga watu. Nyota ilipojitokeza, mkia juu, kichwa kikielekea majini, uwanja mzima uliinua vichwa. Nikamshika mama mkono twende mbele. Akakataa. Akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Nikasema sawa, subira yavuta heri. Lakini kila mtu mpya aliyekuja, mama alirudi nyuma hatua moja ampishe. Wakaja wanafunzi, akawapisha. Wakaja wanawake waliotoka kuuza samaki, beseni zao kichwani, akawapisha. Walioangalia walitoka wakisema wameiona, wameiona, yawa, kumbe ni kubwa hivyo! Na nyota ilikuwa inashuka. Mimi nilikuwa nachemka. Nilimwambia kwa sauti ambayo binti hatumii kwa mama yake kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba hii nyota haina desturi, haitamngoja.

Hakukasirika. Alisema, "Wale ni lazima waweke jicho pale pale nitakapoweka langu. Nikitangulia, nani atafuata? Nitawanyima wote."

Nilimchukia kila mtu aliyekuwa mbele yetu, na hawakuwa na kosa lolote.

Zamu yake ilipofika, uwanja ulikuwa umebaki na sisi na watu wachache waliokuwa wakipiga soga. Ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda. Yule binti alimwambia mama, kwa huruma, kwamba nyota imeshatua, lakini aangalie tu, huenda kuna kitu kimebaki. Mama aliweka mikono nyuma ya mgongo ili asiguse chombo cha watu, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, koti la baba likimning'inia. Nilimwomba Mungu nikiwa nimesimama wima, macho wazi.

"Umeiona, mama?" binti akauliza.

Ilikuwa rahisi kuitikia. Wengi naamini waliitikia tu kwa adabu. Mama alijinyoosha akasema, "Hapana, mwanangu. Sijaona kitu. Asante."

Tulipanda kilima kurudi nyumbani. Nililia njia nzima, na kwa kuwa haoni vizuri nilidhani hajui.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kile kiti cha baba, amekisogeza kando ya kaburi. Alikuwa anamwambia habari, kwa Dholuo, lugha yetu, kwa sauti ya kawaida ya mtu na mume wake. Alimweleza foleni, wanafunzi, wanawake wa samaki, hata hasira zangu.

"Nimeenda mpaka kwenye darubini, baba watoto, na sikuiona," akasema. "Na ile jioni pia sikuiona. Nilikuwa nakuangalia wewe."