Mkeka wa Mgongo wa Célestin

Watu wa Kabondo wanasema Sikujua alikuwa na mikono ya ajabu. Mikono gani? Mimi Agathe nilikuwa jirani yake, na mikono yake ilikuwa kama yangu tu. Alichokuwa nacho ni mume mgonjwa.

Célestin alianguka akipakua mizigo bandarini, uti wa mgongo ukavunjika, miguu ikafa. Mtu wa kulala mchana na usiku, mifupa inamtoboa ngozi. Kila asubuhi Sikujua alimgeuza, akampapasa mgongo kwa vidole, akitafuta mahali palipoanza kuwaka. Kisha alikaa na nyuzi za majani ya mti wa mwale akamsukia mkeka: kwingine umebana, penye nyonga na mabega ni mnene, laini. Sehemu hizo laini alizipaka duara za ngola, ule unga mwekundu wa mti, ili hata mtu mwingine akimlaza asikosee. Mifupa ikichagua mahali pengine, alifumua, akasuka upya. Basi, ndiyo hiyo sanaa yake.

Mwaka wa hamsini na saba Madame mmoja wa Kizungu akapita, akaona mkeka umeanikwa. Zile duara nyekundu zilimmaliza. Alitaka mikeka mingi ya maonyesho ya Bulaya, huko kwao. Sikujua hakupenda, lakini paa lake la majani lilivuja juu ya mgonjwa, na Madame aliahidi mabati. Sasa asuke saa ngapi na amgeuze mume saa ngapi? Benoît, kaka ya Célestin, akaja kutoka Yanonge, akasema atamtunza kwake mpaka kazi iishe. Nilimwambia rafiki yangu akatae. Alilia, halafu akakubali. Akamkabidhi Benoît mkeka, akamwonyesha nyekundu moja moja: hapa nyonga, hapa bega. Benoît akaitika, ndiyo, ndiyo.

Mikeka ya Madame ilitoka mizuri, imenyooka. Sikujua mwenyewe aliichukia. Aliniambia vidole vinasuka lakini havijui vinamsukia nani, na duara anaziweka popote. Mabati yalipopanda juu, hakungoja hata misumari ya mwisho. Tulipanda mtumbwi wa wachuuzi, yeye na mimi, tukateremka mto mpaka Yanonge.

Benoît alitupokea kwa furaha ya kweli, akatuketisha sebuleni. Mkeka ulikuwa ukutani, kando ya msalaba, umepigwa misumari, hauna hata vumbi. Majirani wote walikuwa wamekuja kuuona.

« Shemeji, kitu yenye Wazungu banaitafuta, tutailalia chini? » alisema. « Hapana. Tuliiheshimu. »

Ningemzaba kofi. Lakini Sikujua alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma. Célestin alikuwa juu ya kitanda cha mianzi mitupu. Kweli walimlisha samaki, mashavu yalikuwa yamejaa. Mkewe akapitisha mkono chini ya mgongo wake, akautoa, akauangalia. Alirudi sebuleni, akang'oa misumari kwa vidole, akatandika mkeka, tukamlaza. Akamuuliza kwa nini hakusema.

« Nilikuwa naiona kwa mulango, » Célestin akajibu. « Niliona haya kuiomba. Bote balikuwa na furaha nayo sana. »

Tulimrudisha Kabondo. Homa ya vidonda ilimchukua chini ya mabati mapya, na mvua haikumdondokea hata tone. Mimi sijamsamehe Benoît, ingawa alilia kaburini kuliko sisi wote.

Madame naye akarudi, anataka mikeka mingine. Sikujua akamwambia, bon, avue koti, alale kifudifudi, naye ampapase mgongo kwanza. Madame alicheka. Alipoona huyu mama hacheki, akaondoka.

Toka hapo Sikujua hakumsukia mtu ambaye hajamgusa. Mimba ilipoanza kuniumiza kiuno, alinilaza, akanipapasa muda mrefu, machozi yakimtoka. Mkeka wangu ndio huu, umechakaa, nyekundu imefifia. Wageni wananiambia kitu kizuri hivi nikitundike ukutani. Ninawaonyesha mlango.